Kati ya "asiyesikia la mkuu" na "kuuliza si ujinga": kweli utamaduni ndio unaokwamisha utafiti wetu?

Mdadisi wa Nzuguni (mleta mada)

Wakuu, salaam kutoka Dodoma, upepo na vumbi kama mnavyotujua.

Mimi ni mdadisi. Sio mmbea, mdadisi wa kazi: wale wa kizibao na kishikwambi waliopita majumbani kwenu Agosti 2022 wakati wa sensa. Sensa ikaisha, mimi nikabaki humo humo. Akija mtafiti wa chuo anayetaka kujua kaya zinakula nini, napigiwa simu. Akija mwingine wa vyoo, napigiwa. Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, kote nimepita na dodoso za watu, na jina langu halijawahi kutokea kwenye makala hata moja. Hilo tuliache, posho nililipwa.

Sasa wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye mafunzo kabla ya kwenda uwandani. Mkufunzi mmoja, msomi kweli kweli, akaiacha mada akaanza kutueleza kwa nini Afrika haitoi utafiti wa maana. Sababu yake moja tu: utamaduni. Mtoto wetu anafundishwa kunyamaza, mkubwa hapingwi, anayejitokeza anavutwa shati na ukoo. Akatuwekea ukutani jedwali, kila nchi na alama zake za utamaduni, kama matokeo ya kidato cha nne. Ukumbi mzima unatikisa vichwa. Nikanyoosha mkono kuuliza mtihani huo walifanya akina nani. Akaniambia, "Kijana, muda hautoshi, tuendelee."

Watu wakacheka. Nikaenda kutafuta mwenyewe.

Alama zile zinatoka kwa Mholanzi Geert Hofstede. Alizipata kwenye dodoso zaidi ya 100,000 zilizojazwa kati ya 1967 na 1973 na wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi mbalimbali. Humo akatoa vipimo. Kimoja anakiita umbali wa madaraka, yaani mdogo anakubali kwa kiasi gani kwamba mkubwa ni mkubwa na mambo yaishie hapo. Kingine ni cha umimi na usisi: mtu anajihesabu peke yake au anajihesabu na ukoo wake. Kipo na cha kuogopa yasiyo na uhakika. Baadaye wachumi na watu wa menejimenti wakazichukua alama hizo wakazilinganisha na uvumbuzi wa kila nchi, na huko ndiko mkufunzi wetu alikochota.

Kwa mtu wa kazi yangu swali la kwanza ni jepesi: nani alihojiwa? Wafanyakazi wa kampuni moja ya kompyuta. Na Tanzania haina hata alama yake peke yake. Tuliwekwa kapu moja na Kenya, Ethiopia na Zambia, kapu likaandikwa "Afrika Mashariki". Kwa hiyo mfunga tai wa Nairobi au Lusaka wa miaka ile ndiye aliyemjibia bibi yangu wa Mvumi habari za heshima kwa wakubwa. Mimi nikirudi na sampuli ya namna hiyo, msimamizi ananirudisha kijijini kwa miguu.

Haya, tuzikubali hivyo hivyo. Umbali wa madaraka, kapu letu lina 64. Korea Kusini 60. Ufaransa, kwao mwanasayansi Pasteur, 68. Yaani kwa kipimo hiki Mfaransa anamnyenyekea bosi wake kutuzidi sisi. Kwenye umimi sisi tuna 27, Korea 18, maana yake wao wameshikamana na ukoo kuliko sisi. Kama tarakimu hizi ndizo zinazozaa maabara, basi tungekuwa tunapakana na Seoul upande mmoja na Paris upande wa pili.

Sisemi utamaduni hauna kazi. Nimeuona ukifanya kazi, tena kwenye kishikwambi changu. Mwaka jana, kijiji kimoja cha Bahi, nilikaa kwenye kigoda nje ya tembe nikimhoji mama mmoja. Mnakula mara tatu kwa siku? Ndiyo baba. Mnachemsha maji ya kunywa? Ndiyo. Mlipata mbegu za mtama za msaada? Ndiyo. Nikaingiwa na shaka, nikauliza swali la vyombo: mna friji? Ndiyo baba. Nyumba haina waya wa umeme wala sola. Mwenyekiti wa kitongoji amekaa pembeni anatusikiliza, maana ndiye aliyenileta. Yule mama hakuwa anadanganya. Kwake, kumkatalia mgeni aliyeletwa na mwenyekiti ni utovu wa adabu. Nilipofunga kishikwambi na mwenyekiti akaondoka, alinimwagia karanga kiganjani akaniambia yote: wanakula mara moja, mbegu walipewa wenye majina. Nilirudia dodoso lote. Wenzangu wangapi hawarudii, sijui, na dodoso likiwa refu na jua la saa nane mnalijua.

Kwa hiyo naomba tujadili bila matusi. Utamaduni unagusa utafiti wapi hasa? Na je, ndio unaotukwamisha, au ni mzigo tunaoutua hapo kwa sababu hauna mwenyewe wa kuukataa? Nawasilisha.

Zabibu Chungu

Uzi mrefu kama foleni ya daladala za Jamatini saa kumi na mbili. Jibu fupi: pesa. Umoja wa Afrika ulisema kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Sisi hatujafika. Korea wako karibu na asilimia 5. Mengine ni ngonjera.

BintiKondoa

Zabibu, pesa ndiyo, lakini usiikimbize hoja. Mimi nipo maabara, nasoma shahada ya pili, na nitamtetea kidogo yule mkufunzi.

Wapo waliolichunguza hili kwa uangalifu. Gorodnichenko na Roland, wachumi wa Berkeley, waliona kwamba jamii zenye umimi mkubwa zinavumbua zaidi hata ukizingatia mambo mengine. Maelezo yao yana mantiki: jamii ya umimi inampa sifa mtu anayejitokeza kuwa tofauti, na uvumbuzi unaanza na mtu anayekubali kuonekana wa ajabu. Jamii ya usisi ina faida yake, watu wanafanya kazi pamoja bila kusukumana, ila anayekuja na lake anaambiwa ajishushe.

Sasa njoo kwetu. Nilipata matokeo yasiyolingana na ya mwalimu wangu anayenisimamia. Nikarudia mara nne. Siku ya kumwonyesha nilivaa gauni refu, nikaanza na shikamoo, nikasema "labda nimekosea mahali". Sikuwa nimekosea. Akasema andika kama ilivyokuwa kwenye andiko la awali. Nikaandika. Mnaweza kunicheka, lakini ndiye anayesaini. Hapo umbali wa madaraka si jedwali la Mholanzi, ni mimi na gauni langu.

Zabibu Chungu

Pole dada. Ila hilo ni la utamaduni au la saini? Angekuwa hawezi kukufelisha ungeandika ulichokiona, hata ungemsalimia kwa kupiga magoti.

BintiKondoa

Nimelala nalo hilo. Nitarudi.

MzeeWaKongwa

Vijana, marahaba wote hata msioamkia. Nilikuwa bwana mifugo, sasa nimestaafu nafuga kuku.

Mnazungumza kana kwamba utamaduni wa kisayansi ni kitu Mzungu amezaliwa nacho na sisi tunakiazima. Njooni Kongwa niwaonyeshe. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita. Wakaja wataalamu chini ya Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa Tanganyika, wakazunguka wiki tisa, sehemu kubwa wakitazama nchi kutoka kwenye ndege. Wakaandika ripoti: limeni karanga ekari zaidi ya milioni 3. Serikali ikakubali. Mwaka 1947 wakaanza hapa Kongwa, vifaru vya vita vimegeuzwa matrekta, mbuyu unang'olewa kwa minyororo na nyuki wanatoka humo kudai haki yao.

Shamba la majaribio? Hakuna. Nchi ya Newton, nchi yenye Royal Society, chama cha wanasayansi, tangu 1660, ikaruka hatua ambayo mtoto wa kidato cha kwanza anafundishwa: jaribu kidogo kwanza. Mgogo yeyote angewaambia kwamba mvua ya huku ina tabia zake na kwamba udongo ule ukikauka unakuwa saruji. Karanga zikazaa, ardhi ikagoma kuzitoa. Januari 1951 wakafunga, hasara pauni milioni 36.

Sasa niambieni, hapo utamaduni wa Kiingereza ulibadilika kwa miaka minne? Haukubadilika. Waziri alikuwa na haraka, na aliyekuwa chini hakutaka kuwa wa kwanza kusema "tusubiri". Umbali wa madaraka upo London pia, wanaufunga tai tu.

Na upande wa pili, Mpwapwa. Kituo cha mifugo kipo pale tangu enzi za Wajerumani. Ng'ombe wa Mpwapwa mnayemwona amechanganywa damu ya Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi, zebu wetu wa kienyeji, na wengine, kazi ya miongo mingi. Kupandisha, kusubiri ndama, kupima maziwa, kuandika daftarini, kupandisha tena. Waliokuwa wanaandika daftari hizo ni watoto wa wafugaji, Wagogo na majirani zao, watu wa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Hakuna aliyeshindwa kuandika kwa sababu ya kabila lake. Walishindwa gari lilipokosa mafuta na chumvi ya ng'ombe ilipoisha.

Mdadisi wa Nzuguni

Shikamoo mzee. Hiyo ya nyuki kudai haki naomba niikope.

Nikuongezee jambo. Kuna Mwingereza Joseph Needham aliyetumia maisha yake kuuliza: Wachina walikuwa na karatasi, baruti na dira kabla ya Ulaya, kwa nini sayansi ya kisasa haikuzaliwa kwao? Wengi wakajibu ni mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wao wa kale: heshima kwa wazee na kukariri. Leo hesabu za Wamarekani wenyewe zinaonyesha kwamba mwaka 2016 China iliwapita kwa idadi ya makala za kisayansi. Na wanaeleza kwa nini? Confucius tena! Nidhamu, heshima kwa mwalimu, bidii ya kusoma. Dawa moja inayoharisha na kufunga choo.

Korea vilevile. Mkorea wa 1960 na wa 1990 walimwinamia babu kwa kiuno kilekile. Katikati hapo serikali ilianzisha taasisi ya utafiti ya KIST mwaka 1966, ikaanza kuwarudisha wanasayansi wao waliokuwa ng'ambo, kwa mishahara ya kueleweka.

BintiKondoa

Nimerudi. Nakubali nusu.

Zabibu aliniuliza ni utamaduni au ni saini. Nadhani vinalishana. Saini ina nguvu kwa sababu hakuna pa kukata rufaa bila kuonekana mtovu wa adabu, na adabu inadumu kwa sababu saini ipo. Ukiniwekea wasimamizi wawili badala ya mmoja, na mtu wa chuo kingine akasoma kazi yangu bila kujua jina langu wala la mwalimu wangu, nitaendelea kumwamkia lakini data itabaki ilivyo. Wazungu nao hawakuacha kuogopana. Walichofanya ni kutunga taratibu zinazofanya woga usiwe na faida kubwa.

Lakini mzee usiseme kabila na lugha havina uzito kabisa. Kwetu Kondoa mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye maeneo yaliyoliwa na mmomonyoko, chini ya mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973 kwa fedha za Sweden. Nyasi zikarudi, miti ikarudi. Watafiti wamekuja wakaandika juu ya makorongo yetu, kwa Kiingereza. Babu yangu aliyetembeza ng'ombe wake usiku kucha kuwatoa hajawahi kuambiwa ni nini kilipatikana. Akija mtafiti mwingine leo anamjibu "ndiyo baba" kama yule mama wa Bahi. Huo si utamaduni wa mababu. Ameuzoea kwetu sisi wa madodoso.

Mdadisi wa Nzuguni

Hapo umenigusa. Nimehoji maelfu ya kaya. Nimerudi kupeleka majibu kijijini mara moja tu, na ni kwa sababu gari liliharibikia njia ileile.

TichaWaBahi

Nimechelewa, nilikuwa nasahihisha. Nafundisha fizikia sekondari ya kata. Nimesubiri mtu amtaje Erasto Mpemba, naona mnazunguka mpaka China na mtu wenu ni wa hapa hapa.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi Magamba, Lushoto. Wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi inagombaniwa, yeye akaweka yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeweka ya baridi. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Baadaye yupo Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata utani wa kudumu: akikosea hesabu, ni hisabati ya Mpemba.

Kisha Dk. Denis Osborne akaja kutoka chuo cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza lilelile. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka sana. Alirudi Dar akamwomba fundi wa maabara ajaribu, na fundi akaleta taarifa kwamba ya moto yameganda kwanza, ila wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha, na dunia inaliita jambo hilo kwa jina la kijana huyo wa Tanganyika.

Angalieni sasa. Walimu waliomzima na Mpemba aliyesimama, wote walikuwa kwenye shule zilezile. Mwalimu ameshika "asiyesikia la mkuu", mtoto ameshika "kuuliza si ujinga". Methali zote mbili ni zetu. Hofstede angempa alama nani?

Kingine ni lugha, BintiKondoa umeigusa ukaiacha. Mtoto akiwa darasa la saba anauliza mpaka unachoka: mwalimu kwa nini radi inatangulia kumulika? Januari anaingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza, ananyamaza. Mgeni akiingia darasani kwangu ataandika kwenye daftari lake kwamba watoto wa Kiafrika hawaulizi. Wanauliza, tena vizuri, nje kwenye mti wa mkungugu wakati wa mapumziko, kwa Kiswahili na Kigogo. Ndani wanaogopa kuchekwa kwa kukosea kitenzi.

Zabibu Chungu

Ticha, hiyo ya maji ya moto si ilishapingwa? Kuna Waingereza wawili, Burridge na Linden, 2016 walijaribu wakasema hawaioni.

TichaWaBahi

Ilipingwa na bado inabishaniwa, na ndivyo inavyotakiwa. Wao walionyesha kwamba hata mahali unapoweka kipimajoto panaweza kubadili jibu. Wiki ijayo nitajaribu na kidato cha pili, nitawaletea mrejesho. Hatuna maabara yenye friza, ila kuna mama anauza barafu za ubuyu karibu na stendi.

MzeeWaKongwa

Anza kidogo kwanza, usilime ekari milioni 3.

TichaWaBahi

Mrejesho, kama nilivyoahidi.

Tulitengeneza juisi ya ubuyu sufuria moja, tukaigawa, nusu tukaipasha moto mpaka inafuka, nusu tukaiacha. Tukajaza vifuko, kumi na kumi, tukaweka kwenye friza la yule mama. Mara ya kwanza vya baridi viliganda kwanza. Wakashangilia waliobisha. Mara ya pili vya moto sita vikatangulia. Darasa likawa soko la Majengo. Mara ya tatu umeme ukakatika.

Tukiwa tunasubiri umeme, mama wa barafu akatuuliza kwa nini tunahangaika. Akasema vifuko vinavyogusana na ukuta wa friza ndivyo vinavyoganda kwanza siku zote, vya moto au vya baridi, na ndiyo maana yeye huvigeuza kila baada ya saa. Mimi na shahada yangu sikuwa nimeandika popote kifuko kipi kilikaa wapi.

Msichana mmoja, hazungumzi kabisa darasani, akaniambia kwa Kigogo kisha akarudia kwa Kiswahili: mwalimu, tumepoteza ubuyu bure, tulitakiwa tuchore ramani ya friza kabla ya kuweka. Jumamosi tunarudia, yeye ndiye anachora. Mama wa barafu amesema tukinunua ubuyu wetu wenyewe friza ni bure, ila LUKU tuchangie.

Mdadisi wa Nzuguni

Ticha, LUKU ya Jumamosi nachangia mimi. Na jina la huyo mama liandikwe kwenye ripoti, akikubali.